Jina la Kijiji si Mali ya Kila Mwenye Chupa

Katika jimbo la Kakheti, mashariki mwa Georgia, kipo kijiji kiitwacho Mukuzani. Naizungumzia nchi ya Georgia iliyo chini ya milima ya Kaukazi, wala si lile jimbo la Marekani ambalo wengi wetu hulikumbuka kwanza. Lau si zabibu zake, sidhani kwamba jina la kijiji hicho lingesikika mbali na bonde la mto Alazani. Leo limeandikwa kwenye chupa zinazouzwa katika miji mikubwa ya Ulaya, na sheria inalilinda huko kama inavyolilinda nyumbani.

Wasomaji wangu wasiogusa kileo na waniwie radhi. Ninachokitetea hapa ni jina, si kikombe.

Mukuzani ni mvinyo mwekundu usio na utamu, unaotokana na zabibu za aina moja tu, Saperavi. Kwa lugha ya wenyeji neno hilo lina maana ya kitu kitiacho rangi, na ama kwa hakika zabibu hiyo ni nyekundu hata nyama yake, jambo ambalo si la kawaida kwa zabibu. Maji yake yakishachachuka hulazwa katika mapipa ya mwaloni mpaka ukali upungue. Mvinyo huu ulianza kutengenezwa mwaka 1888, na enzi za Umoja wa Kisovieti ulijulikana kwa nambari 4 miongoni mwa mvinyo wa Georgia.

Saperavi hupandwa sehemu nyingi, na mkulima hodari aweza kuikamua popote akapata kinywaji safi. Asichoweza kufanya ni kukiita Mukuzani, ikiwa zabibu hazikuchumwa ndani ya eneo dogo lililowekewa mipaka upande wa kulia wa Alazani. Tangu mwaka 2012, mkataba baina ya Georgia na Umoja wa Ulaya umelipeleka katazo hilo hadi katika masoko ya Umoja huo.

Wapo watakaosema huo ni ubaguzi, kwamba zabibu ni zabibu. Sikubaliani nao. Mkulima wa Kvareli, ng'ambo ya mto, hupanda Saperavi iyo hiyo, lakini mvinyo wake wenye utamu kiasi unaitwa Kindzmarauli, na jina hilo nalo linalindwa. Hakuna aliyenyimwa riziki. Kila mmoja amepewa chake na kukatazwa cha jirani.

Hata hivyo, nisingependa msomaji adhani kwamba cheti ni kinga ya kila balaa. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, Warusi waliendelea kuwa wanunuzi wakuu wa mvinyo wa Georgia. Sifa ilipokuwa kubwa, waghushi nao hawakulala. Chupa nyingi zilibandikwa majina mashuhuri ilhali ndani hamkuwa na hata tone kutoka Kakheti. Kisha, mwaka 2006, Urusi ikapiga marufuku mvinyo wote wa Georgia, ikidai umeonekana kuwa na mabaki ya dawa za kuua wadudu. Wageorgia waliiona siasa tupu, maana uhusiano wa serikali hizo mbili ulikuwa umeharibika, na mwaka 2008 zikapigana vita. Ukweli uwe upi, aliyeumia ni mkulima. Yule aliyechuma zabibu zake kwa uaminifu alifungiwa soko sawasawa na aliyetia rangi maji.

Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2013. Katika miaka ile saba watengenezaji walilazimika kubisha milango mingine, Ulaya, Marekani na Uchina, kwa wanunuzi wasiokuwa na mazoea nao na waliotaka kujua kila chupa imetoka shamba gani. Hapo ndipo mipaka iliyochorwa Mukuzani ilipoonyesha faida yake. Lakini lango la Urusi lilipofunguliwa, mizigo ilirudi huko kwa wingi, na Urusi ikawa tena mnunuzi wa kwanza. Hilo linanitia wasiwasi. Sheria ya jina humzuia mwizi. Haina la kumfanya mteja mmoja aliyeshika soko lote mkononi.

Nayasema haya nikiwa Mkenya. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe huko kama mwenye neno kikoi. Wakenya wakashtuka, wakapinga, na ombi hilo likaanguka. Tulishangilia, lakini tulikuwa tumeamka baada ya mgeni kuingia sebuleni. Na kahawa ya Nyeri na Kirinyaga? Nyingi husafirishwa ikiwa mbichi, ikachanganywa ng'ambo na ya nchi nyingine, na mnywaji asijue kamwe mlima ulioizaa.

Yafaa wizara zinazohusika ziketi na vyama vya ushirika na kuamua mambo ambayo hakuna mgeni atakayetuamulia: mpaka wa kahawa ya Nyeri upite kando ya mto upi, ni aina gani za mibuni zitakazokubaliwa ndani yake, nani atakagua magunia kiwandani, na atakayepatikana ameingiza kahawa ya kwingine usiku atatozwa nini.