Hedifoni za besi zitatupotezea maneno ya wazee

Kuna jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu, na kwa kuwa linahusu lugha zetu pamoja na fedha za umma, naona si vibaya nikilitoa hadharani. Mara kwa mara vyuo vyetu, mashirika na watafiti wa kila namna hupeleka vijana Kilifi na Malindi kuwarekodi wazee. Hununuliwa vinasa-sauti vya hali ya juu, hutafutwa magari, hulipwa posho. Lakini uliza sauti hizo zitasikilizwa kwa chombo gani watakapoketi kuziandika, utaona mabega yakipandishwa. Kila mwanafunzi atajitafutia chake. Naye mwanafunzi, maskini, hujitafutia zile zinazoning'inizwa vibandani kando ya barabara, zenye besi ya kutikisa fuvu na jina la kampuni kubwa ambalo kampuni yenyewe haikuliandika hapo.

Jina la chombo chenyewe bado hatujaafikiana. Wako wasemao visikizi, na wako wasemao vipokea-sauti vya kichwani. Vijana pale kituo cha magari cha Gede husema hedifoni, nami leo nitawafuata vijana, maana jina lililo refu kuliko waya wa chombo ni mzigo.

Hedifoni ninazozungumzia ni zile zinazokunjika zikaingia mkobani, na zilizofungwa nyuma, yaani kikombe chake hakina matundu upande wa nje. Mafundi wengi wa muziki husifu zilizo wazi nyuma kwa kuwa sauti yake ni pana na masikio hupumua. Sina ugomvi nao; kama kazi yangu ingekuwa ya chumba kimya ningechagua hizo. Gede si chumba kimya. Pale barabara ya Mombasa na Malindi inapokutana na ile ya Watamu, honi za matatu, pikipiki na tuktuk haziishi, na hata ukiingia ndani vijijini upepo wa minazi na jogoo watakufuata. Tena hedifoni iliyo wazi huvujisha. Ukiivaa wakati wa kurekodi, sauti hurejea katika kinasa. Ukiivaa katika chumba chenye wanafunzi wanane, wote husikia anachosema mzee wako.

Hili la kuvujisha si la kupuuzwa. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka 2009 mila zinazoambatana na kaya hizo zikawekwa katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Mzee wa kaya anapokubali kusema, aghalabu husema pia ni nani asisikie. Anayeahidi kumsitiri kisha akamsikiliza kwa chombo kinachosema na majirani amevunja ahadi, hata kama hakukusudia.

Sasa nije kwenye sauti, maana hapa ndipo penye madhara makubwa. Irabu zetu tano hujengwa hasa na mitetemo iliyo chini ya 3,000 kwa sekunde. Sauti kama s, f na th hukaa juu zaidi. S aghalabu huwa na nguvu zake juu ya mitetemo 4,000. Simu ya kawaida ya zamani ilipitisha mitetemo iliyo kati ya 300 na 3,400 tu, ndiyo sababu mtu alipotutajia jina kwa simu tulimwuliza: ni F ya Faraja au S ya Salama? Hedifoni ya besi hufanya jambo linalofanana na hilo kwa njia nyingine. Haikati sauti za juu, bali huzifunika. Ni tabia ya sikio la binadamu kwamba sauti nzito ikizidi huzimeza sauti nyembamba zilizo juu yake. Msikilizaji wa dansi hafurahi wala hahuzuniki kwa hilo. Mwandishi wa lugha hupotelewa.

Chukua kaa la moto na kaa wa baharini. Mmvita aliyelelewa na bibi yake hayatamki maneno hayo kwa namna moja: k ya yule wa baharini hufuatwa na pumzi, ya kaa la moto haina pumzi. Ndivyo ilivyo kwa paa la nyumba na paa wa porini, na kwa tembo la mnazi na tembo wa Tsavo. Au chukua ndoo ya maji na lile neno ndoo ambalo Mmvita humwitia mtu aje, ambalo katika Kiswahili sanifu ni njoo. Katika la kwanza ulimi hugusa ufizi, katika la pili hugusa meno. Msomaji wa Mombasa au Lamu atacheka kwamba naeleza lililo wazi. Lakini mwulize mjukuu wake.

Maandishi yetu sanifu, yaliyojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, hayana alama ya kutofautisha maneno haya. Hii ina maana kwamba ushahidi umo katika sauti peke yake. Mwandishi akikosa kuusikia, hakuna herufi itakayomsahihisha, na atakayekuja baada ya miaka 50 atasoma karatasi na kudhani tofauti haikuwapo. Kwa Kigiriama hatari ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Tsi ni nchi, dzana ni jana, dzuwa ni jua. Hiyo t inayoanza katika tsi ni kitambo kidogo mno cha kimya kinachopasuka kuwa s. Nimesahihisha karatasi ambamo tsi imekuwa si kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mwandishi wake alikuwa kijana mwenye bidii na masikio mazima.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Neno halikuharibikia kwa mzee, liliharibikia njiani, baina ya kinasa-sauti na kalamu.

Mtu atasema: mbona mmishenari W. E. Taylor, aliyechapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891, alisikia mengi kwa masikio matupu, hata akatenga t za Kimvita kwa alama? Ni kweli. Lakini Taylor alikuwa na msemaji mbele yake. Akitilia shaka aliuliza tena, akatazama midomo. Sisi tuna faili, na mara nyingine mwenye sauti amekwisha kwenda zake.

Nimezilinganisha hedifoni kadhaa kwa kusikiliza rekodi zile zile mbili, moja ya Kigiriama na moja ya Kimvita, na nitasema nionavyo bila kuuma maneno. Sony MDR-7506 imekuwa sokoni tangu 1991 na haijabadilishwa sana, jambo ambalo kwangu ni sifa. Ina uzito wa takriban gramu 230. Katika hiyo pumzi ya k husikika pasipo kuitafuta. Ubaya wake ni kwamba s huwa kali, na baada ya saa moja hivi sikio huanza kuomba ruhusa. Tena waya wake ni mrefu wa kujisokota na hautoki, kwa hiyo ukikatika ni kazi ya fundi. Audio-Technica ATH-M40x, iliyotoka 2014, ni tulivu zaidi: haisukumi s mbele, haisukumi besi, na waya wake huchomolewa ukabadilishwa. Ndugu yake M50x ndiyo maarufu zaidi, na ndiyo wanafunzi huniulizia, lakini ina besi zaidi na ni nzito zaidi, gramu 285. Kwa muziki nisingeilaumu. Kwa tsi na dzuwa nachukua M40x.

Sennheiser HD 25 ya mwaka 1988 ni jambo la peke yake. Ina gramu 140 tu, karibu kila kiungo chake hubadilishwa, na huzuia kelele kuliko udogo wake unavyoonyesha. Ukiwa kituoni Gede unarekodi makuli na wapiga debe, sijui iliyo bora kuliko hiyo. Lakini hukaa juu ya sikio, si kulizunguka, na hulibana. Ni kwa kubana huko kelele huzuiwa. Dakika 20 ni sawa. Asubuhi nzima ni adhabu.

Ziko pia zile za kisasa zisizo na waya zinazofuta kelele kwa betri, mfano Sony WH-1000XM4 ya mwaka 2020. Ni starehe ndani ya basi, kwa kuwa ufundi huo hufuta vyema ngurumo za mfululizo kama za injini. Maneno ya watu na honi hauyafuti vivyo hivyo. Isitoshe, sauti ipitayo hewani hubanwa na kuchelewa kidogo, na anayeandika lugha husimamisha na kurudisha nyuma mara mia kwa ukurasa mmoja; uchelewaji huo mdogo humkosesha mwanzo wa neno. Waya unatosha.

Starehe ndiyo sehemu ambayo wauzaji huisema kwa neno moja na ambayo huku pwani inahitaji mengi. Saa moja ya mazungumzo inaweza kula siku mbili au tatu za kuandika. Kikombe kilichofungwa huhifadhi joto, na mwezi wa Machi Gede kuna joto la kutosha bila msaada. Mito ya ngozi ya bandia huteleza kwa jasho, na mwishowe hubanduka vipande vyeusi vinavyobaki masikioni kama masizi ya chungu. Mito ya kitambaa haina karaha hiyo, ila hunywa jasho na huzuia kelele kidogo zaidi. Wengine hushona vifuko vya kanga chakavu. Ni ubunifu mzuri na hufulika, mradi kitambaa kiwe chepesi, maana kikiwa kizito sauti hubadilika.

Tena kuna vichwa vyetu. Hedifoni nyingi hujaribiwa juu ya kichwa ambacho hakijavaa kitu. Wanafunzi wangu wengi wa kike huvaa hijabu, wengine wana nywele za kusuka, nami nina miwani. Kila kimoja cha hivi huacha upenyo kati ya mto na ngozi, na penye upenyo besi hutoroka. Kwa maneno ya watu hiyo si hasara kubwa, pengine ni faida. Hasara ni kwamba kelele za nje huingia kwa upenyo ule ule, na msikilizaji akapandisha sauti ili azishinde. Hijabu ya kitambaa chepesi kisichokunjwa mara mbili juu ya sikio, na kikombe kikubwa kinachozunguka sikio lote, hupunguza taabu hii. Yule anayenunua hedifoni kumi kwa ajili ya idara nzima na ajaribu kwanza kwa kichwa chenye hijabu na chenye miwani, si kwa kichwa chake peke yake.

Kupandisha sauti kuna kipimo chake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa kanuni mwaka 2019: mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za juma zima, na kila desibeli tatu zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa hiyo ukifika desibeli 90 umebakiwa na takriban saa nne, si kwa siku, kwa juma. Mwanafunzi anayeandika kwa saa sita kila siku hayumo katika hesabu hiyo iwapo anashindana na honi. Na sikio linaloumizwa na kelele huanza kupotea huko juu, kwenye s na f na ile pumzi. Tunamtuma kijana akaokoe sauti kwa kutumia chombo kinachomwondolea uwezo wa kuzisikia.

Yapo madai kwamba kompyuta zitatuandikia haya yote. Kwa Kiswahili sanifu zimeanza, tena si vibaya. Kwa Kigiriama zitafunzwa na nani, kama si kwa karatasi zilizoandikwa na wanafunzi hawa hawa?

Ombi langu si kubwa. Kila bajeti ya kurekodi wazee iwe na kifungu cha kusikiliza: hedifoni za waya zilizofungwa nyuma, zisizo na besi ya kujigamba, zinazobadilishwa mito na waya. Jozi moja ya MDR-7506, hata ikifika Mombasa imeongezewa ushuru na faida, haifikii posho za safari moja. Zinunuliwe kwa wakala anayejulikana, kwa sababu za bandia zimejaa. Ziwe mali ya idara, ziazimwe na kurudishwa kama vitabu.

Na zisikae vyuoni tu. Magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, hupokea wageni wanaokuja kusoma kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399. Hapo hapo Makumbusho ya Taifa yanaweza kuweka meza, kompyuta moja na hedifoni mbili, ili watoto na wajukuu wa wale waliorekodiwa waje wasikilize na kutuonyesha tulipoandika si palipokuwa na tsi. Mito ya akiba isisahaulike. Kwa joto la Gede ile ya kwanza haitadumu sana.