Mtoto Aliyekabidhiwa Si Mtoto Aliyetupwa

Tukisikia neno utumwa, mawazo yetu hukimbilia habari za mababu: misafara ya Nyangwe na Kasongo, watu waliofungwa shingo kwa miti panda, pembe za ndovu mabegani, njia ndefu ya Ujiji mpaka Bagamoyo. Habari hizo ni za kweli, na yafaa watoto wetu wazijue. Lakini zina hatari moja: zatuzoeza kumtazamia mwovu ajaye na bunduki na mnyororo. Mwenye biashara ya watu wa siku hizi mara nyingi haji hivyo. Hubisha hodi mchana, amevaa vizuri, huketi barazani na kuulizia afya ya wazee. Tena huenda akawa mtu wa lugha yetu, au hata wa ukoo wetu. Hamnyang'anyi mzazi mtoto wake. Hukabidhiwa mtoto huyo kwa mikono miwili, pamoja na baraka za safari.

Juma hili twataka kusema juu ya kukabidhi huko, na jinsi sheria za mataifa zilivyokuja kuona hatari iliyojificha ndani yake.

Na tutwae kisa kimoja kilichochunguzwa na mahakimu kwa miaka mingi, kesi iitwayo Siliadin dhidi ya Ufaransa. Tarehe 26 Januari 1994 binti mmoja wa Togo alifika Ufaransa, umri wake miaka 15 na miezi saba. Alisafiri pamoja na mama mmoja, raia wa Ufaransa mwenye asili ya Togo. Mapatano yalikuwa mazuri kuyasikia: binti atafanya kazi nyumbani mwa mama huyo mpaka nauli ya ndege irudishwe, na yule mama atamtengenezea karatasi za kukaa nchini na kumtafutia shule. Ni mzazi gani kati yetu asiyetamani maneno hayo kwa mtoto wake?

Shule haikuonekana. Paspoti ilichukuliwa. Mwaka huo huo yule mama alimwazima binti kwa watu wengine, mume na mke wenye watoto wadogo, kama mtu aazimavyo jirani kinu. Kwao aliamka asubuhi na mapema, akawatengenezea watoto chakula, akawavika na kuwapeleka shuleni mwao. Akafua, akapiga pasi, akapika, akaosha vyombo, akalala karibu saa nne na nusu ya usiku. Kitanda chake kilikuwa godoro sakafuni, katika chumba cha watoto, ili mdogo akilia usiku awepo wa kumtuliza. Mshahara hakuwa nao; siku ya mapumziko hakuwa nayo. Alipewa tu ruhusa ya kwenda Misa ya Dominika mara kwa mara.

Mwezi wa Desemba 1995 alipata njia ya kutoka. Mama mmoja wa Haiti alimpokea, akampa kazi ya kulea watoto kwa mshahara, chakula na mahali pazuri pa kulala. Walakini baada ya miezi mitano au sita alirudi katika nyumba ile ile ya mateso. Je, nani alimrudisha? Si polisi, wala si mtu mwenye silaha. Ni neno la ndugu wa baba yake, yaani, kwa desturi yetu, neno la baba. Wale wenyeji walikuwa wameahidi tena kutengeneza karatasi zake, na ndugu huyo aliamini. Binti akatii. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mtoto alisikia la mkuu, na kwa kusikia huko guu likavunjika.

Hatuandiki hayo ili kuwadharau wakubwa. Twayaandika kwa sababu mkubwa ambaye neno lake hutiiwa ana wajibu wa kuchunguza kabla ya kulitamka.

Mwisho binti alimfunulia jirani shida zake. Jirani hakusema, "Hayo ni mambo ya nyumba ya watu." Alipeleka habari kwa chama kipingacho utumwa wa siku hizi, na mwezi wa Julai 1998 polisi waliingia katika nyumba ile.

Sasa sikilizeni mambo ya mahakama. Mwaka 1999 mahakimu wa Paris waliwatia hatiani yule mume na mke. Mwaka 2000 mahakama ya rufani iliwaachilia. Ilisema kwamba binti huyu alikuwa na uhuru wake: alitoka kuwapeleka watoto, alikwenda dukani, aliweza kumpigia simu ndugu wa baba yake, na alikwenda kanisani. Hivyo hata Misa yake ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba hakuwa mfungwa. Baadaye, mwaka 2003, alipewa fidia pamoja na malimbikizo ya mshahara wake. Lakini adhabu ya jinai haikumpata mtu.

Ndipo kesi ikafika Strasbourg, katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tarehe 26 Julai 2005 mahakimu walitoa hukumu. Walisema kwamba binti hakuwa mtumwa kwa maana kamili ya zamani, kwa kuwa hapana mtu aliyejidai kuwa mmiliki wake kwa sheria. Walakini alikuwa ametiwa katika kazi ya lazima na katika hali ya kutumikishwa. Mahakimu hawakutazama mlango kama ulifungwa kwa kufuli. Walitazama mambo mengine: alikuwa mtoto; alikuwa peke yake katika nchi ya kigeni; hakuwa na fedha; paspoti yake ilikuwa mikononi mwa wengine; tena aliwaogopa polisi kwa kuwa hakuwa na kibali cha kukaa. Mtu wa namna hiyo ukimfungulia mlango, atakwenda wapi?

Kisha wakaihukumu Ufaransa yenyewe. Walisema haitoshi Serikali isiwafanye watu watumwa. Sharti pia iwe na sheria za jinai ziwezazo kumkamata na kumwadhibu raia amtumikishaye mwenzake. Sheria za Ufaransa za wakati ule zilikuwa hafifu, hazikumlinda mtoto huyu. Tangu mwaka 2003 nchi hiyo imetia biashara ya watu katika orodha ya makosa ya jinai, na mwaka 2013 ikaongeza makosa ya kumtia mtu utumwani na kumtumikisha.

Kwa nini sheria zilichelewa hivyo? Ni kwa sababu na sheria nazo, kama sisi, zilianza kwa kumtafuta mtu wa minyororo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 uliwinda misafara ya bara na majahazi ya baharini. Mkataba wa mwaka 1926, uliofanywa chini ya Shirika la Mataifa, ulieleza utumwa kuwa hali ya mtu ambaye mwingine ana juu yake mamlaka ya mwenye mali. Mwaka 1956, huko Geneva, mataifa yaliongeza jambo linalotugusa sisi wazazi. Yalisema kwamba kumtoa mtoto aliye chini ya miaka 18, akitolewa na wazazi wake au mlezi wake na kutiwa mikononi mwa mtu mwingine ili atumikishwe, ni desturi iliyo sawa na utumwa, nayo sharti ikomeshwe. Tena yalisema ni hivyo fedha zikitolewa au zisipotolewa.

Yatafakarini maneno hayo. Baba asema, "Sikumuuza mwanangu, sikupokea hata faranga moja." Sheria yamjibu: Hatukuulizi ulipokea nini; twauliza mtoto alikwenda kufanya nini.

Mwisho ikaja Itifaki ya Palermo, iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa tarehe 15 Novemba 2000, ikaanza kutumika siku ya Noeli ya mwaka 2003. Kongo yetu ilijiunga nayo mwaka 2005. Itifaki hiyo yataja mambo matatu. Kwanza tendo: kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumficha au kumpokea. Pili njia: nguvu, vitisho, udanganyifu, kutumia unyonge wake, au kumlipa mtu aliye na mamlaka juu yake. Tatu kusudi: kumtumikisha. Mambo matatu yakipatikana, mtu hawezi kujitetea kwa kusema, "Lakini alikubali mwenyewe." Maana ridhaa iliyopatikana kwa hila si ridhaa. Na kama aliyechukuliwa ni mtoto, hata ile njia haitafutwi: tendo na kusudi vyatosha.

Wengine watasema: Basi sheria za wageni zataka kuvunja desturi yetu ya kuleana! Hapana. Tangu zamani mtoto wa Afrika amelelewa na shangazi, na bibi, na kaka mkubwa aliye mjini, na wengi miongoni mwetu tusingalijua kusoma bila ukarimu huo. Desturi hiyo ni njema, tena hakuna mkataba uikatazao. Lakini kila kitu chema kina mwizi wake. Alama za kuvitenganisha viwili hivi si ngumu. Mtoto anayelelewa hula chakula cha watoto wa nyumba, huenda shule kama wao, huugua na kutibiwa kama wao, naye huwaona wazazi wake. Mtoto anayetumikishwa huamka kabla ya watoto wenzake ili wao wasome.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya Ulaya tu. Huko Niger, mwaka 1996, msichana wa miaka 12 aliuzwa kwa faranga 240,000, akamtumikia bwana wake miaka tisa. Alipoachiliwa na kuolewa na mwanamume mwingine, yule bwana alidai ni mke wake, na mahakimu wa nchi wakamhukumu mwanamke huyo kifungo kwa kosa la kuwa na waume wawili. Alikwenda mbele ya Mahakama ya Jumuiya ya nchi za Afrika ya Magharibi, nayo, tarehe 27 Oktoba 2008, ikahukumu kwamba Niger ilishindwa kumlinda, ikaamuru alipwe faranga milioni 10. Oneni tofauti: Ufaransa ilipungukiwa na sheria; Niger ilikuwa imekwisha kuweka adhabu kwa utumwa tangu mwaka 2003, lakini waliopaswa kuishika waliiacha ilale kitabuni.

Na sisi vitabu vyetu havina upungufu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, yakataza utumwa na kazi ya lazima. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yamlinda mtoto. Lakini hakimu hufika mtoto akiwa amekwisha kuumia. Mtu wa kwanza awezaye kuzuia ni yule aliyeketi barazani mgeni alipobisha hodi.

Kwa hiyo, baba na mama, mtu akija kumwomba mtoto wenu kwa ajili ya shule au kazi, iwe ni Goma, Lubumbashi, au nchi za ng'ambo, msione haya kumwuliza. Shule yaitwaje, na nani atalipa? Kama ni kazi, mshahara ni kiasi gani, na utatiwa mkononi mwa nani? Nauli ikiwa deni, nani anahesabu, na litakwisha lini? Paspoti na cheti cha kuzaliwa vitakaa kwa nani? Tutaweza kusema na mtoto kwa simu akiwa peke yake? Mtu mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Atafurahi kuona kwamba mtoto anao wenyewe. Akikasirika, amekwisha kuwajibu. Na siku mtoto akipiga simu na kulia, msimwambie upesi avumilie kwa ajili ya heshima ya ukoo.

Nanyi mlio na mtoto wa wengine nyumbani, twawaomba jambo moja tu. Kesho asubuhi, watoto wenu wakishika madaftari yao na kutoka, mtazameni yule mwingine aliyebaki. Aliahidiwa nini siku alipoletwa kwenu? Na aliyeahidi, je, si ninyi?