Jina la Mtu Lisipotee Baina ya Mitambo Miwili

Kisiwa cha Chisenga kimo katika wilaya ya Nchelenge, na ng'ambo ya Ziwa Mweru ni Kongo. Askari aliyepangwa mwambao huu hana ukuta wala seng'enge ya kulinda. Ana maji, mitumbwi na majina ya watu. Mwaka 2017 maelfu ya Wakongo waliokimbia vita walipokelewa Kenani, na mwaka 2018 wakapewa makazi Mantapala, humo humo wilayani. Watu kama hao, ndugu askari, hapana budi waandikwe majina yao.

Tumchukue mama mmoja, aitwaye Hélène. Wakongo huandika majina ya namna hiyo kwa taratibu ya Kifaransa, yaani herufi ikiwa na alama juu yake. Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Herufi é katika kompyuta ndogo za kale za IBM ilikuwa namba 130. Katika jedwali la Kilatini ni 233. Na katika utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni namba mbili, 195 na 169. Mtambo mmoja ukipeleka kwa utaratibu huu na wa pili ukasoma kwa ule, herufi moja hugeuka alama mbili zisizo na maana. Askari wa zamu hulitafuta jina, asilione, akatamka: "Hayumo." Kwa neno hilo mhalifu huweza kupita, na mama asiye na hatia akalala rumande.

Tatizo hili ni la zamani. Teminali ya IBM 3270 ya mwaka 1971 ilijaza ukurasa mzima ndipo ikaupeleka, na kwake herufi A ilikuwa 193. VT100 ya kampuni ya Digital, ya mwaka 1978, ilipeleka herufi moja moja, na A yake ilikuwa 65. Hata kitufe cha kufutia hakikubaliani: kingine hupeleka namba 8, kingine 127. Koplo anayeingia kwa mbali katika kompyuta ya makao makuu hufuta kosa, nalo hubaki pale pale pamoja na vikorokoro. Kisha husemwa kwamba hajui kupiga chapa!

Waliotunga Telnet, kanuni zilizotolewa mwaka 1983, walikuwa na busara. Walibuni teminali ya kuwaziwa tu, na kila mtambo ukatakiwa kutafsiri lugha yake kwa hiyo moja. Ndivyo Mluba na Msanga wa Katanga waelewanavyo sokoni kwa Kiswahili.

Wapo watakaosema tuandike Helene bila alama, yaishe. Lakini ofisa mmoja ataziacha na mwenzake atazinakili kutoka kwenye hati, na mtu mmoja atakuwa wawili. Polisi na jeshi waweke sharti moja katika mikataba yao ya ununuzi: UTF-8 toka mwanzo hadi mwisho, na kila teminali ijitambulishe aina yake inapounganishwa. Kisha jina Hélène lipigwe chapa katika kituo cha mbali kabisa, lisomwe makao makuu, lifutwe kwa kitufe cha kufutia na kuandikwa upya. Jaribio hilo lifanywe kabla fundi hajalipwa.