Vitafunio vya chokoleti nyumbani: Hatari imo katika njugu, si katika tanuri

VITAFUNIO vya chokoleti vyenye protini, vile ambavyo huandaliwa nyumbani bila kuokwa, vimewavutia wazazi wengi wa mijini wanaotaka kuwaepusha watoto na peremende na biskuti zenye sukari tele. Viungo vyake hupatikana katika duka lolote la mtaani: njugu zilizokaangwa, kakao, tende na maziwa ya unga. Hakuna tanuri, hakuna gesi, wala hakuna ujuzi wa mwokaji unaohitajika.

Hata hivyo, nyuma ya wepesi huo mna maswali mawili ambayo mnunuzi hana budi kujiuliza. La kwanza ni iwapo vitafunio hivyo vina protini ya kutosha kustahili sifa vinavyopewa. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni nani anayehakikisha kwamba njugu zinazotiwa humo ni salama.

Sababu za watu kugeukia jikoni zinaeleweka. Mapema mwaka wa 2023, tani moja ya kakao iliuzwa kwa takriban dola 2,600 za Marekani katika soko la New York. Kufikia Desemba 2024 bei hiyo ilikuwa imepita dola 12,000. Ivory Coast na Ghana, ambazo kwa pamoja huzalisha zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, zilikumbwa na hali mbaya ya hewa pamoja na magonjwa ya mikakao. Ingawa bei ilishuka katika mwaka wa 2025, athari zake zilikuwa tayari zimefika madukani.

Baadhi ya watengenezaji walipunguza kiasi cha kakao na kuongeza mafuta ya mimea mingine. Nchini Uingereza, mnamo 2025, kuna biskuti mashuhuri zilizolazimika kuacha kuitwa za chokoleti na badala yake zikaandikwa kuwa zina ladha ya chokoleti. Anayechanganya kakao yake mwenyewe angalau anajua alichotia bakulini.

Isitoshe, kitafunio kisichohitaji tanuri si jambo geni katika eneo hili. Tangu jadi, wakazi wa pwani wamekuwa wakitengeneza kashata za njugu, za nazi na za simsim kwa kuchemsha shira ya sukari, kuichanganya na viungo, kuitandaza katika sinia na kuikata kabla haijakauka. Kilichobadilika ni kwamba tende zimechukua nafasi ya shira, kakao imeongezwa, na neno protini limebandikwa juu yake.

Neno hilo linahitaji kupimwa kwa mizani. Chukua mfano wa mchanganyiko wa kawaida: gramu 200 za njugu zilizokaangwa na kusagwa, gramu 100 za simsim, gramu 150 za tende zilizotolewa kokwa na kupondwa, gramu 60 za maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta, na gramu 30 za kakao, yaani takriban vijiko vitano vikubwa. Vyote hukandwa pamoja hadi vishikane, vikafinyangwa viduara 18 vya gramu 30 kila kimoja, kisha vikawekwa katika friji hadi vigande.

Njugu hizo zina takriban gramu 50 za protini, simsim gramu 18, maziwa gramu 16, kakao gramu sita, nazo tende gramu tatu hivi. Jumla ni kama gramu 93. Ukigawa kwa 18, kila kiduara kina gramu tano za protini, kiasi ambacho hakifikii kile cha yai moja la kuku, lenye takriban gramu sita. Wakati huo huo, kiduara hicho kina karibu kalori 140, ilhali yai lina takriban 75. Sukari iliyomo katika tende pekee inazidi kijiko kimoja cha chai kwa kila kiduara.

Mtu mzima mwenye uzani wa kilo 60 huhitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku. Ili azipate kutokana na viduara hivi peke yake, itambidi ale kumi na kumeza kalori 1,400. Ni dhahiri basi kwamba hiki ni kitafunio kizuri kuliko peremende, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya maharagwe, ndengu, omena, mayai au maziwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chakula chenye protini ya kweli, kama vile sahani ya githeri, hakijawahi kuhitaji maandishi makubwa juu ya pakiti.

Aidha, unga wa protini unaoagizwa kutoka ng'ambo, ambao hutajwa katika maelezo mengi ya mapishi haya, si wa lazima. Mfano uliotolewa hapa umefikia kiwango chake kwa njugu, simsim na maziwa ya dukani.

Na hapo ndipo swali la pili linapojitokeza. Zaidi ya nusu ya protini katika mchanganyiko huu inatokana na njugu, nazo njugu, sawa na mahindi, hushambuliwa kwa urahisi na kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo huongezeka mazao yanapovunwa yakiwa na unyevu, yasipokaushwa vyema au yanapohifadhiwa katika magunia mahali pasipo na hewa ya kutosha. Ikiliwa kwa wingi kwa muda mfupi huweza kuua. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini.

Kenya inaijua sumu hii vyema. Mwaka wa 2004, mahindi yaliyochafuliwa nayo yaliwadhuru watu 317 katika maeneo ya mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui. Kati yao, 125 walifariki. Mnamo 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha uuzaji wa aina kadhaa za siagi ya njugu, na Novemba mwaka huo huo likapiga marufuku aina tano za unga wa mahindi, zote kwa sababu ya aflatoksini.

Wapo watakaodai kwamba Wakenya wamekula njugu tangu enzi za mababu bila kudhurika, na kwamba kuzikaanga kunatosha. Dai hilo halina msingi. Moto wa jikoni huua vijidudu vingi, na kwa sababu hiyo ni lazima njugu za kitafunio kisichookwa ziwe zimekaangwa kwanza. Lakini aflatoksini haiishi kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa. Zikishasagwa, zikatiwa kakao na tende, ladha chungu ya njugu iliyooza hufichika na jicho haliwezi tena kuitambua.

Kinachosaidia ni kuchagua kabla ya kusaga. Njugu zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye ukungu zinapaswa kutupwa, wala si kupewa kuku. Hatua hiyo hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mara nyingi hujikusanya katika punje chache. Kwa msingi huo, anayenunua njugu nzima na kuzichagua mwenyewe ana nafasi bora kuliko anayenunua zilizokwisha kusagwa kwenye ndoo sokoni.

Mambo mengine ya usalama ni machache. Unga mbichi wa ngano na mayai mabichi havifai kutiwa katika chakula kisichopikwa. Asali isipewe mtoto aliye chini ya umri wa mwaka mmoja. Njugu nzima zinaweza kumkaba mtoto mdogo, na kuna watu ambao miili yao haivumilii njugu hata chembe. Asiye na friji atengeneze kiasi cha siku moja au mbili.

Lakini kuchagua punje kuna mipaka. Sumu haionekani, na njugu inayong'aa inaweza kuwa nayo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo ya njugu, kipimo ambacho hakuna mama au baba anayeweza kukichukua jikoni. Ni maabara tu inayoweza. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya chakula cha ubora unaokubalika, na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Haki hizo hazikuandikiwa bidhaa za maduka makubwa pekee. Zinahusu pia gunia la njugu linalotoka Homa Bay, Busia au ng'ambo ya mpaka na kufikia soko la mtaani bila kupimwa na yeyote.

Suala hili linawahusu pia wanaotengeneza vitafunio hivi kwa ajili ya kuuza mitaani na shuleni. Mwanamke anayejitafutia riziki kwa viduara vya chokoleti hana uwezo wa kulipia vipimo kwa kila gunia analonunua. Kumpa adhabu yeye, huku njugu zikiingia sokoni bila ukaguzi, ni kukata tawi na kuacha mzizi. Serikali za kaunti, ambazo zinasimamia masoko na kilimo, zinaweza kuanzia kwa mkulima: turubai za kukaushia, maghala yenye hewa na upimaji wa mara kwa mara pale mazao yanapokusanywa.

Kulingana na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022, asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Mzazi anayejitahidi kumtengenezea mwanawe kitafunio chenye lishe anafanya sehemu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu, kama mwaka wa 2004 ulivyoonyesha, huzibwa shambani na ghalani kabla njugu hazijafika jikoni.