Wazazi wa Kitengela Tunauliza: Roboti Hii Ni ya Nani?

Sisi wazazi wa Kitengela hatujakataa kompyuta. Tuseme hilo mapema, maana kila tukifungua mdomo tunaambiwa tumebaki nyuma, eti tunataka watoto wachunge ng'ombe. Wengine wetu ng'ombe tunao kweli, huko Isinya na Bissil, wale walionusurika kiangazi cha 2022, wala hatuoni haya. Kinachotukera ni bili, na kile tunachopewa tukishalipa.

Shika barabara ya Namanga kutoka stendi uhesabu mabango ya akademia. Zamani bango lilijisifu kwa basi na alama za mtihani. Siku hizi halikamiliki bila mtoto mwenye miwani mikubwa akiwa ameshika roboti, na chini yake maneno ya kodingi na robotiki. Muhula ukianza, karatasi ya karo inakuja na mstari mpya chini ya chakula na usafiri. Mstari huo ni wa hiari, wanatuambia. Ila wenzake wakiingia maabara, mtoto ambaye hajalipiwa anatumwa uwanjani kucheza peke yake. Mzazi gani atastahimili hiari ya namna hiyo?

Ndani ya hiyo maabara, roboti ni moja kwa darasa zima. Mwalimu anaishika, watoto wanaizunguka, picha inapigwa na kurushwa kwenye kundi la wazazi, na sisi tunajibu kwa vidole gumba. Mama mmoja anayeuza sukuma karibu na stendi alimuuliza bintiye, "Hiyo roboti inafanya nini?" Mtoto akamjibu, "Mum, inapigwa picha."

Mtatuambia tuwapeleke shule za umma. Haya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 Kitengela, karibu mtu mmoja kati ya kila saba wa Kaunti ya Kajiado yote. Tulihamia hapa kwa sababu ploti zilikuwa za bei nafuu kuliko Nairobi. Nyumba zikapanda, maji tukawa tunanunua kwa lori, na shule za umma zikabaki chache. Ndiyo maana akademia zimeota kila kona. Serikali humtengea mtoto wa shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwaka. Zigawe kwa siku za masomo utaona hazifiki shilingi 8 kwa siku, na hapa mandazi moja ni 10. Pesa hizo ndizo za kununua chaki, kulipa stima na kurekebisha choo, na nazo zenyewe huchelewa. Roboti itakaa wapi humo?

Tena si mara ya kwanza kuahidiwa. Mwaka 2013 tuliambiwa kila mtoto wa darasa la kwanza atapata laptopu. Zabuni ikavurugika kwa kesi na mivutano, na vifaa vikaanza kufika 2016 vikiwa vimegeuka vishikwambi. Tuwe wakweli, vilifika: zaidi ya milioni moja, katika shule zaidi ya 20,000 nchini, pamoja na laptopu za walimu, projekta na ruta. Vingi viliishia kufungiwa kabatini, kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa wezi kuliko alivyoogopa mkaguzi, na kishikwambi kikipotea yeye ndiye anayeandikishwa taarifa polisi. Betri zikafa humo humo gizani. Watoto waliokusudiwa laptopu zile sasa wana vitambulisho, na wengine ndio wanaotubeba kwa boda kutoka stendi kwenda Milimani.

Kisha Aprili 2022 tukasikia Kenya imekuwa ya kwanza Afrika kuidhinisha mtaala wa kodingi kwa shule za msingi na za upili. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipitisha masomo ya kampuni ya Kodris Africa, yanayofundisha lugha ya Python. Tulifurahi, kwa kuwa sisi pia tunapenda kuwa wa kwanza. Lakini idhini si mwalimu. Huku kwetu tunaona nani anawafundisha watoto wa sekondari ya msingi, ambako somo la kompyuta lilichanganywa na mengine kwenye masomo ya awali ya ufundi. Ni vijana walioanza kwa mkataba wa mafunzo ya kazi, wakiwekewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na ambao mwaka 2024 waligoma wakidai ajira ya kudumu. Kijana amesomea biashara na jiografia, anapewa Gredi ya 8 na kitabu cha programu, na kompyuta hana. Anafanya nini? Anachora kibodi ubaoni. Watoto wanaihamisha kwenye manila. Na manila, pamoja na gamu na kalamu za rangi, ni nani ananunua? Saa tatu usiku ni sisi tunaogonga mlango wa saiba tukitafuta picha ya roboti ya kuchapisha, kwa sababu kesho ndiyo siku ya kuwasilisha.

Walioko mbali zaidi wanatucheka sisi wa mjini. Mzazi wa Mashuuru anasema afadhali nyinyi mnalalamikia stima inayopotea, kwao hiyo ya kupotea haijafika. Anasafiri mpaka Kajiado mjini kwa shughuli zake, na jioni akirudi mwanawe anamwomba simu ili atazame jinsi katuni inavyosogezwa kwenye Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kodingi. Simu ina asilimia kumi ya chaji na bando limeisha. Na huku kando ya barabara ya Mombasa kuna Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013, tunaoonyeshwa kwenye runinga kila mara. Kwenye ramani ni jirani yetu.

Kinachouma zaidi ni kwamba mwanzo wa somo lenyewe hauhitaji mashine. Profesa Tim Bell wa New Zealand na wenzake walianza miaka ya 1990 kufundisha watoto sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki, na mbinu yao imeenea duniani. Hapa Kajiado tunayo enkeshui, bao la Wamaasai. Chota kete za shimo, panda moja moja, ukiishia penye sharti fulani fanya hivi, la sivyo acha. Hayo ndiyo maagizo, masharti na marudio ambayo Python inayadai. Mzee mmoja wa Isinya, aliposikia mjukuu wake akieleza somo hilo, alisema tu, "Kumbe mnalipia hiyo?" Mama wa shanga naye anahesabu nyeupe tatu, nyekundu mbili, buluu moja, anarudia mpaka ukosi unazunguka, na akikosea anajua afumue kuanzia wapi. Mwalimu aliyefunzwa vizuri angelianzia hapo bila kumdai mtu senti. Tatizo ni kwamba bao halipendezi kwenye bango.

Kwa hiyo mkutano ujao wa wazazi tutakuja, na msituwekee ajenda ya rangi ya sweta. Kwenye shule za umma tunataka bodi ya usimamizi itufungulie lile kabati tuone vishikwambi vingapi vinawaka, na tuambiwe ni mwalimu yupi amepelekwa mafunzo, ya siku ngapi, na nani alilipa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo, na ada hiyo haibadiliki kwa kubatizwa mchango wa kidijitali. Kwenye akademia zetu tunataka jambo dogo zaidi: ule mstari wa robotiki uondolewe kwenye karatasi ya karo mpaka kila mtoto darasani aweze kuishika hiyo roboti kwa mikono yake, aifungue, aiharibu na kuiunda upya. Tukishaona hivyo, tutalipa.