Helikopta: Bei ya saa si bei ya leseni

Mfanyabiashara wa Mwanza anayetaka kujifunza urubani wa helikopta kwa muda wa ziada asichague shule kwa bei ya saa pekee. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40 angani, au 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Hicho ni kima cha chini. Anayeruka mara moja kwa mwezi husahau, hurudia somo na kulilipia tena. Akifuata shule za Uwanja wa Wilson, Nairobi, nauli na malazi ni sehemu ya karo. Heri wiki mbili mfululizo baada ya msimu wa pamba kuliko Jumamosi moja moja.

Kibali cha shule kitaje helikopta, si ndege tu. Leseni ya Kenya nayo itahitaji kutambuliwa na TCAA.

Muhimu zaidi ni idadi ya helikopta. Robinson R22 ikitimiza saa 2,200 au miaka 12 huhitaji matengenezo makubwa. Shule yenye moja tu husimamisha masomo, na aliyelipa yote hubaki na risiti. Malipo yawe kwa awamu.