Cheti Hakishoni Kitabu

Wako wasemao kwamba kozi ya majuma mawili yatosha kumfanya kijana kuwa stadi wa hati na mjalidi wa vitabu. Hayo ni madai ya kuidhalilisha kazi. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, mafundi wa karne ya 19 walinakili misahafu kwa mkono. Naye Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mnakili, mtunzi na mchonga milango. Mikono kama hiyo hulelewa kwa miaka.

Je, kozi fupi zifutwe? La hasha! Katika majuma mawili mwanafunzi aweza kujifunza kuchonga kalamu ya tete, kupiga mistari na kushona kurasa kwa uzi. Kosa ni kumkabidhi cheti, kisha kumwacha bila fundi wa kumsahihisha wala kazi ya kufanya. Na kazi ipo. Baadhi ya miswada ya Kijuma imehifadhiwa London, na huko wako wajuao kuitunza. Ile iliyosalia katika nyumba za pwani itashonwa na nani? Walimu, anzeni na vitabu vilivyochanika katika maktaba zenu. Mwanafunzi atokaye kozini avishone kila juma, mwaka mzima, ndipo apewe cheti.